Jigso ya betri kwenye mbao za madirisha: nimetumia tatu, moja ndo imebaki mkononi

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kila wiki. Kila fundi mpya anayeingia kwenye kazi ya kubadilisha madirisha, hasa wale waliotokea kwenye makabati, akinikuta nimepiga magoti chini ya dirisha na jigso ya betri, yaani ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, anauliza, hivi kweli mzee mbao za kumalizia unazikata na hicho kidude? Simlaumu. Jigso ina sifa mbaya, inajulikana kwa mikato ya kilevi, juu mstari umenyooka ila chini umeshika njia yake. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ila sa hivi nshatumia tatu tofauti kwenye kazi hii hii, moja ya volti 18 yenye mshikio juu, moja ya volti 18 ile unayoishika mwili wenyewe kama tochi, na moja ndogo ya volti 12, na kila moja nina la kusema juu yake.

Kwanza kazi yenyewe ieleweke, maana kuna watu wanadhani kubadilisha dirisha ni kutoa la zamani, kuchomeka jipya, kupiga povu la kuziba, kwaheri. Ukishatoa fremu ya zamani unakutana na ukuta ulivyo, sio ulivyochorwa. Hapa umebonyea, pale plasta imevimba, kona ambayo ingetakiwa iwe nyuzi 90 iko 88, halafu dirisha jipya limekaa ndani zaidi au nje zaidi kuliko lile la kwanza kwa hiyo mbao za kuzungushia zilizokuwepo hazizibi tena. Mikato mirefu ya kunyooka na zile pembe za 45 hazina neno, unakata kule kwenye mashine kubwa unaleta zimekamilika. Shida iko kwenye vile vipande vinavyotakiwa vifuate ukuta. Unakata, unajaribisha, kimegusa upande huu, upande ule kimeacha upenyo wa kupitisha kadi, unatia alama, unapunguza milimita moja, unajaribisha tena. Kuna dirisha moja nimekwenda na kurudi mara tisa kwa kipande kimoja tu, na kipande chenyewe hakizidi urefu wa mkono wangu.

Hapo ndo betri inapolipa. Watu wanadhani faida ya kukosa waya ni pale ambapo hamna soketi, lakini soketi mara nyingi ipo, ukutani hapo hapo chini ya dirisha. Faida ni kwamba kile kipunguzo cha milimita moja hakikutoi roho. Ukiwa na ya waya, na waya umejisokota kwenye miguu ya farasi wa kukatia mbao, na ekstensheni kuna mtu kaichomoa achaji simu, ukifika safari ya nne unajiambia aah hapa inatosha, nitaziba na silikoni. Nakiri kabisa, kazi zangu za enzi za waya zina silikoni nyingi kuliko za sasa. Sio kwamba nilikuwa sijui kukata, nilikuwa nachoka kutembea.

Sasa chukua kizingiti cha ndani, ule ubao wa chini unaokaa kama rafu mbele ya dirisha. Katikati unaingia mpaka unagusa fremu, pembeni una masikio mawili yanayopita mbele ya ukuta kulia na kushoto ili mbao za wima zipate pa kusimama. Masikio hayaji yenyewe, lazima utoe kona mbili, na kila kona ina mikato miwili, mmoja unafuata uso wa ukuta na mmoja unaingia ndani kufuata ubavu wa tundu la dirisha. Msumeno wa duara hapo haufai, kwa sababu bledi yake ni mviringo, ukitaka ifike kwenye kona upande wa chini basi juu itakuwa imeshapitiliza na umeharibu sikio. Msumeno wa mkono unaweza na wazee waliutumia vizuri tu ila kwenye ubao ulioshapakwa rangi unachana. Hii kona ni ya jigso, haina mwenyewe mwingine.

Mimi nafanya hivi. Ubao nauweka mbele ya tundu, sawa na katikati ya dirisha, nauegemeza ukutani. Nafungua bikari kwa upana wa kina ninachotaka ubao uingie, halafu naiburuta ncha ikitembea ukutani na penseli ikiandika juu ya ubao, upande wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake, usije ukapima upande mmoja ukahamishia mwingine ukidhani ukuta ni mmoja. Haukuwahi kuwa mmoja. Juu ya mstari nimeshabandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, penseli inaonekana vizuri juu yake na nyuzi za mbao zinashikwa zisirukeruke. Nakata ule mkato mfupi kwanza, naishia milimita moja kabla ya kona, halafu nakuja na ule mrefu mpaka kipande kinaanguka, na kile kitonge kilichobaki kwenye kona nakimaliza na patasi. Usijaribu kugeuza bledi ndani ya kona ili uunganishe mikato kwa mwendo mmoja, bledi pana haigeuki, inaungua tu na kona inabaki nyeusi.

Na kitu kimoja ambacho hakipo kwenye karatasi ya maelekezo ila ndo siri ya mbao kulala ukutani bila upenyo, ni kuinamisha bati la chini la jigso, lile linalokanyaga ubao, nyuzi 3 mpaka 5 hivi ukiwa unakata ule mkato unaofuata ukuta. Upande wa chini wa ubao unakuwa umeliwa kidogo zaidi ya wa juu. Maana yake kinachogusa ukuta ni ule ukingo wa juu peke yake, mwembamba, na ukingo mwembamba ukizidi nusu milimita unaupunguza kwa msasa au randa ndogo kwa sekunde kumi. Ukikata wima kabisa inabidi upunguze unene mzima wa ubao, na mahali popote plasta ilipovimba kwa chini ubao unakataa kuingia na huoni ni wapi panapozuia.

Haya, mashine zenyewe.

Nilianza na ile ya volti 18 yenye mshikio wa juu, kwa sababu ndo iliyozoeleka na kila mtu anayo. Ina triga, unabonyeza kidogo inaanza taratibu, unabonyeza zaidi inaongeza kasi, na kwenye kuanzia mkato hiyo ni raha sana kwa sababu bledi inagusa mbao polepole hairuki. Kwa mbao zilizolala juu ya farasi na umezifunga na klempu, mashine hii ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza ukiwa dirishani. Mkono uko juu mbali na bledi, kwa hiyo kila ukitikisika kidogo juu, chini inatikisika zaidi, halafu ukiweka betri kubwa ya Ah 5 nyuma (Ah ni kipimo cha ujazo wa betri) mashine inainua pua. Kwenye ubao mrefu huoni tatizo ila kwenye kipande kifupi ambacho bati la chini limekanyaga nusu tu, mkia unavuta chini na mkato unalala. Nilibadilisha nikaweka betri ya Ah 2, ikawa mashine nyingine kabisa. Kwa hesabu ya kawaida betri ya volti 18 ya Ah 2 ina nishati ya Wh 36 na ile ya Ah 5 ina Wh 90, ndio ni chini ya nusu, lakini mbao za dirisha ni mikato mifupi mifupi, ya Ah 2 inanitosha madirisha mawili matatu na nyingine iko kwenye chaja. Uzito wa Ah 5 waachie wanaokata mbao za paa.

Ila kilichonifanya niachane nayo ni lile bati. Mashine yenyewe sitaitaja, ilikuwa na wenzo wa kufungia mwinamo bila kutumia ufunguo, unafungua, unainamisha, unafunga, dakika sifuri. Vizuri sana siku ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa vumbi likaingia kwenye wenzo, ukawa unafunga lakini haufungi. Nikaweka nyuzi 5, nikakata sikio la kwanza, nikakata la pili, nikaenda kuweka ubao na upande mmoja umekaa kama umezaliwa pale, upande mwingine juu umeachia. Kupima nakuta mwinamo umeteleza mpaka nyuzi 8 hivi katikati ya kazi. Mama mwenye nyumba kasimama nyuma yangu anauliza "fundi, hako kaupenyo ndo kanavyotakiwa?" Jamani. Nilimwambia hapana mama, nakarekebisha, nikaanza ubao upya. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa kiufunguo cha L, kinachosha kukitafuta mfukoni lakini kikikaza kimekaza.

Nikahamia kwenye ile ya kushika mwili. Hii ndo imebaki. Mkono uko chini, karibu kabisa na mstari, unaisukuma kama unasukuma sabuni juu ya meza, na ile mitikisiko ya kiwiko haipo. Lakini uzuri wake mkubwa watu wengi hawaujui kwa sababu hawajawahi kuigeuza. Meno ya bledi ya kawaida ya jigso yanakata yanapopanda, yaani yanapovutwa kuelekea kwenye mashine, kwa hiyo mbao inachanika upande ule ambao bati limekanyaga, upande wa chini unatoka safi. Ndo maana tunafundishwa kukata ubao ukiwa kifudifudi. Sasa kwenye mbao za dirisha mstari wako umechorwa kwenye uso mzuri, ukiugeuza ubao inabidi uhamishe mstari, na kuhamisha mstari wa ukuta uliopindapinda ni kuomba makosa. Na mashine ya kushika mwili unaipitisha chini ya ubao, bati linakandamiza kwa chini, bledi inachungulia juu, unaona mstari wote mbele ya macho bila kivuli, bila vumbi kufunika, na uso mzuri unatoka kama umekatwa na wembe kwa sababu kuchanika kote kumeenda chini. Mara ya kwanza inatisha, lazima niseme, maana bledi inapanda na kushuka hapo mbele yako kama ulimi wa nyoka. Ubao ufungwe na klempu mbili sio moja, mkono mwingine usiwe juu ya ubao kwenye njia yake, na miwani ya kukinga macho sio mapambo. Lakini ukishazoea hurudi nyuma.

Yenye mshikio wa juu unaweza kuigeuza pia ila mshikio unagonga goti, triga iko upande usiofaa, yaani unajikunja kama unatoa gurudumu.

Anayetaka kununua aangalie maandishi vizuri kwa sababu kampuni hiyo hiyo inatoa aina zote mbili na kwenye picha ndogo hutofautishi. Makita kwa mfano DJV181 ndo ya kushika mwili na DJV182 ni ya mshikio wa juu, kwa DeWalt ni DCS335 na DCS334. Bosch wao wanatia herufi mwishoni kwenye baadhi ya mashine zao, S kwa ya mwili na B kwa ya mshikio. Hizo kubwa za volti 18 mpigo wa bledi unazunguka milimita 26, yaani bledi inapanda na kushuka kiasi hicho, na kasi hufika kwenye mipigo 3,200 au 3,500 kwa dakika, kwa hiyo kwa nguvu hazijapishana kiasi cha kumtoa mtu jasho. Umbo ndo linapishana. Na usipumbazwe na namba ya volti kwenye boksi, ile iliyoandikwa 20V Max na ile iliyoandikwa 18V ndani yake ni seli tano zile zile, mmoja kahesabu zikiwa zimejaa pomoni volti 4 kila moja, mwingine kahesabu zikiwa kazini volti 3.6. Na ile ya 12 ni seli tatu, kwa hesabu ya kazini ni 10.8.

Tukija kwenye hiyo ya 12. Niliinunua kwa tamaa, nyepesi, inaingia kwenye mfuko wa zana, nikaona hii ndo ya madirisha. Na kwa mbao laini na MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi) ya milimita 18 haina shida, inakata safi, mpigo wake ni mfupi, zipo za milimita 18 na za 19, na mpigo mfupi unatetemesha kidogo kwa hiyo hata kipande chembamba hakirukiruki. Kwa kupunguza zile milimita moja moja naipenda kuliko zote. Lakini ipe mbao ngumu ya unene wa vidole viwili uone. Inakata, ndio, ila polepole, unga hautoki vizuri kwenye mkato kwa sababu mpigo hauufikishi nje, bledi inapata joto, unaanza kusukuma. Na kusukuma ndo chanzo cha maafa yote ya jigso.

Hapa nisimulie kidogo. Inasimuliwa kwamba jigso ya mkononi ilianzia mwaka 1946 kwa mhandisi wa Uswisi aliyeitwa Albert Kaufmann, alikuwa kampuni ya Scintilla, alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe akafunga bledi ya msumeno mahali pake. Mke alisema nini sijasoma popote. Lakini ukilijua hilo unaielewa mashine vizuri, kwa sababu bledi ya jigso mpaka leo imeshikwa kama sindano, juu tu, chini inaning'inia haina kitu. Kuna karola kadogo nyuma kanakoizuia isirudi nyuma ila kupinda kushoto na kulia hakuna anayeizuia. Ukisukuma, ncha inatafuta njia rahisi, inafuata nyuzi za mbao. Juu unaona umenyooka, unajipongeza, chini kumeshaharibika.

Na mimi yamenikuta. Kizingiti cha mbao ngumu, milimita 38, nikawa nakata kile kichwa cha sikio, mwisho kabisa unaoonekana na kila anayeingia chumbani. Bledi ilikuwa imeshakata MDF siku mbili na gundi ya MDF inaua meno haraka, nilijua imeisha, nikasema kimkato kimoja tu hiki. Nikasukuma. Kupindua nakuta chini imeingia ndani milimita 3. Ningekuwa na ziada ya urefu ningekata upya, sikuwa nayo. Ubao mzima ukageuka vipande vya kujaribia. Hapo siwezi kulaumu mashine wala betri, bledi mpya ingekata pale bila kelele, nami mfukoni nilikuwa nazo tatu mpya.

Kwa hiyo bledi. Watu wanalinganisha mashine wiki nzima halafu wanatumia bledi zile zilizokuja ndani ya boksi. Mimi kwenye mfuko natembea na T101B kwa mikato ya kawaida, ni safi na inavumilia, T101AO kwa mizunguko maana ni nyembamba inageuka, na T101BR ambayo meno yake yameelekezwa kinyume, inakata ikishuka. Hiyo ya mwisho inasaidia ukiwa huwezi kuigeuza mashine na unataka uso wa juu usichanike, ila ujue inaisukuma mashine juu kila mpigo, inadundadunda, lazima uikandamize, na ukiikandamiza mkono unachoka. T144D ninayo pia, ile ya meno makubwa, lakini hiyo ni ya kukata vipande vya kubebea mizigo na kabari, usiiguse kwenye mbao ya kumalizia. Hizi zote shina lake, ile sehemu inayoingia kwenye mashine, ni lile la T na karibu mashine zote za sasa zinakula hilo, ila kama una mashine ya babu angalia isije ikawa ya shina la U.

Penduli weka sifuri. Kile kiswichi cha 0 mpaka 3 pembeni kinaifanya bledi isukumwe mbele ikipanda, inakata haraka sana na inachana sana. Nimewahi kumpa kijana wangu mashine ikiwa kwenye 3 bila kuangalia, ukingo ulitoka kama umetafunwa.

Madirisha mengi sa hivi ni ya plastiki na mbao zake za kuzungushia nazo za plastiki, PVC. Hapo punguza kasi, sio kwa sababu ya usalama tu, ukikata kwa kasi kubwa plastiki inayeyuka na kujishona nyuma ya bledi, unamaliza mkato unakuta vimerudi kuwa kitu kimoja. Kasi ndogo, meno yasiwe madogo sana. Na bati la chuma linachora mistari kwenye plastiki nyeupe, mistari haitoki hata ufanyeje, kwa hiyo kile kifuniko cha plastiki cha kuvalisha bati usikitupe na boksi. Kama kimepotea bandika utepe kwenye bati lenyewe, sio kwenye mbao tu. Kale kaplastiki kadogo ka kuzuia mchaniko kanakochomekwa mbele ya bledi kanafanya kazi pia, ila kanakaa vizuri ukikata wima tu, ukiinamisha bati katoe la sivyo bledi itakakata.

Vumbi ni habari yenye utata. Mashine nyingi zina upepo wa kupuliza mstari na zina sehemu ya kuchomeka bomba la kunyonyea. Sasa ukichomeka bomba umeondoa waya umerudisha bomba, na bomba ni zito kuliko waya. Ndani ya nyumba ya mtu ambaye keshahamia na makochi yake nachomeka, sina jinsi, lakini mashine inapoteza nusu ya sababu ya kuinunua. Barakoa vaa hata hivyo, MDF sio vumbi la kuchezea. Na kama unakata au kupunguza mbao za zamani zilizopakwa rangi miaka mingi iliyopita fikiria mara mbili, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, Marekani kwa mfano waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Mimi mbao za zamani zenye matabaka ya rangi sizikati kabisa na mashine ya kurusha unga, naweka mpya.

Tena mbao za zamani zina misumari iliyokatika ndani. Bledi ya mbao ikikutana na msumari meno yote yanakwenda kwa mpigo mmoja.

Kosa jingine ninaloliona sana ni kutaka kukata kitu kikiwa kimeshapigiliwa ukutani. Mbao imezidi kidogo, mtu anaona uvivu kuitoa, anaingiza jigso. Bledi inahitaji nafasi nyuma ya kushukia, ikikutana na plasta au tofali inagonga, mashine inaruka, bledi inapinda na mbao imepata jeraha. Hapo chukua maltitulu, ile inayotikisika, ndo kazi yake. Na kukata misumari ya fremu ya zamani ni msumeno ule mrefu wa kubomolea. Jigso usiipe kazi za wenzake halafu uje kusema haifai.

Sehemu za baridi kali kuna jambo la betri pia. Betri za lithiamu zinaweza kufanya kazi kukiwa na baridi japo zinalegea, lakini kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaziharibu kwa ndani, na madirisha yakiwa yametolewa nyumba nzima ni kama nje. Chaja iweke chumba ambacho dirisha lake bado lipo.

Kwa hiyo kama tayari una betri za volti 18 za aina fulani, nunua ya kushika mwili ya kampuni hiyo hiyo, mwili mtupu bila betri, ongeza betri moja ya Ah 2 kama huna, na pakiti mbili za bledi. Kama kazi zako zote ni mbao laini na MDF na hujafungwa na aina yoyote ya betri, ya 12 itakutosha na mgongo utakushukuru. Kama una ya waya nzuri na unakata madirisha mawili kwa mwaka, baki nayo, tembea tu.

Hii yangu naipa nyota nne. Ya tano wameila wenyewe. Hizi za kushika mwili nyingi hazina triga, zina swichi ya kusukuma kwa kidole gumba na kidude cha kuzungusha kuchagua kasi, kwa hiyo ukiwasha inawaka kwa kasi uliyoweka, hamna kubembeleza, lazima ukumbuke kuweka chini kabla ya kuanzia mkato halafu upandishe. Hilo nimelizoea. Ambalo sijalizoea ni kwamba swichi ya yangu iko upande mmoja tu, na mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kila nikitaka kuizima inabidi nitume kidole cha shahada kikazunguke kule upande wa pili huku bledi bado inapiga. Wewe kama una mkono kama wangu ishike kwanza dukani, uiwashe na kuizima mara kumi, ndo utoe hela.